Kurudisha mng'ao wa ekzosi ya stenlesi iliyofubaa

Kabla hujanunua msasa wala polishi, tafuta sumaku. Ile iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha. Iguse kwenye bomba lililopoa, kwanza karibu na injini, kisha katikati, kisha kwenye sailensa. Ikiteleza, au ikishika kwa unyonge kwenye mikunjo tu, hiyo ni stenlesi ya daraja la 304 au jamaa yake wa karibu: kromiamu kiasi cha asilimia 18 na nikeli kiasi cha 8. Ikishika kwa nguvu, una kimojawapo kati ya viwili: chuma cha kawaida kilichovikwa kromu, au stenlesi ya bei nafuu ya daraja la 409, yenye kromiamu ya asilimia 11 hivi.

Kuvitofautisha hivi viwili, inama uangalie upande wa chini, pale kishikizo kilipochomelewa. Kromu hubanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake unakuta kutu nyekundu yenye mapele. Stenlesi ya 409 haina ganda. Ni ya kijivu mpaka ndani, na kutu yake hutanda juu juu tu.

Kipimo hiki usikiruke. Bodaboda nyingi za cc 100 hadi 150 zinazozunguka Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa hazina stenlesi kabisa. Ekzosi zake ni chuma cha kawaida chenye rangi nyeusi au kromu. Kromu ya mapambo ina unene usiofika mikroni 1. Msasa namba 400 unaimaliza kwa dakika chache, bomba linang'aa jioni hiyo, na mvua ya kwanza ya Desemba inalikuta halina nguo. Kwa kromu kuna maelezo mafupi huko chini. Yanayofuata sasa ni ya stenlesi.

Jua unachokiondoa

Ekzosi "chafu" inaweza kuwa na tatizo moja au matano, na kila tatizo lina dawa yake. Vumbi jekundu lililochanganyika na oili likaivia juu ya bomba huonekana kama ukoko wa kahawia. Madoa meupe yenye umbo la matone ni madini ya maji: maji ya visima ya Dodoma ni magumu, na yakikaukia kwenye bomba la moto huacha chokaa. Vidoa vyeusi vinavyong'aa ni lami ya barabara. Kipande cheusi kigumu kama gundi ni soli ya kandambili, koti la mvua au mfuko wa nailoni ulioyeyuka. Halafu kuna rangi zenyewe, njano, kahawia, zambarau na bluu, ambazo wengi huzidhania kuwa ni masizi.

Rangi hizo si masizi wala si uchafu uliotoka nje. Stenlesi ikipata joto mbele ya hewa, utando wa oksaidi ulio juu yake unanenepa, na unene huo ndio unaobadilisha rangi ya mwanga unaourudisha. Njano hafifu hutokea kwenye nyuzi 290 hivi za Selsiasi, kahawia karibu na 390, zambarau iliyokolea karibu na 450, na bluu kuanzia 540 hadi 600. Kwa hiyo bomba lako linakusomea joto lilipopita. Jambo la kufurahisha ni kwamba utando wenyewe ni mwembamba mno, hivyo mara nyingi unaondoka kwa asidi laini au kwa polishi, bila msasa hata kidogo. Watu huharibu mabomba mazuri kwa kukimbilia msasa mkali wa namba 120 kuondoa kitu ambacho kitambaa kingekiondoa.

Vifaa

Kwa ekzosi moja ya silinda moja, bomba na sailensa, andaa msasa wa maji: karatasi 1 ya namba 240 (ya dharura), 2 za 400, 2 za 600, 2 za 800, na moja moja ya 1000, 1500 na 2000. Karatasi ya kawaida ni sentimita 23 kwa 28. Ikate iwe mikanda 8 yenye urefu wa sentimita 28, kila mkanda upana wa chini kidogo ya sentimita 3. Ongeza spiriti nusu lita, mafuta ya taa robo lita, sabuni ya unga, gramu 200 za sitriki (ule unga mweupe mchachu unaotumika kwenye juisi na jemu), kopo la Brasso au polishi nyingine ya metali, na fulana za pamba zilizochakaa. Ndoo mbili, si moja. Miwani, glavu za mpira na barakoa ni lazima ukianza kutumia mashine.

Vitu vya kuviacha jikoni: waya wa kijivu wa kusugulia masufuria na burashi ya waya wa chuma cha kawaida. Vyote huacha chembe za chuma zilizojikita kwenye stenlesi, na wiki mbili baadaye chembe hizo zinapata kutu. Mwenye pikipiki anasema stenlesi yake ni feki, kumbe kutu ni ya waya. Kama lazima utumie burashi, iwe ya waya wa stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, au ya shaba.

Ndimu na chumvi, dawa ya masufuria ya bibi, nayo uiache. Ndimu haina ubaya; chumvi ndiyo mbaya. Kloridi iliyo ndani yake hutoboa utando wa stenlesi na kuchimba vishimo vidogo ambavyo huwezi kuvifuta bila kula bomba. Kwa sababu hiyohiyo usitumie Jik, na usithubutu kuichanganya na asidi yoyote, maana hutoa gesi ya klorini. Wachomeleaji wa mageti ya stenlesi wanayo pia dawa ya kupaka kwenye mishono, ambayo huwa na asidi ya naitriki na hidrofloriki. Inafanya kazi haraka sana, lakini hidrofloriki hupenya ngozi mpaka kwenye mfupa, wakati mwingine bila maumivu ya mwanzo. Si kitu cha kutumia uani kwa mtu asiye na mafunzo na vifaa.

Kufungua

Unaweza kusafisha ekzosi ikiwa kwenye pikipiki, lakini kwa msasa na polishi ni heri uitoe. Hatari kubwa iko kwenye nati mbili zinazoshika bomba kwenye silinda hedi. Zimepikwa kwa miaka, na vumbi limezisaga ndani. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, rudia asubuhi, kisha tumia boksi spana yenye pembe sita, kwa kawaida namba 10 au 12. Ukiona nati inazunguka na boliti yake inapinda, simama. Irudishe ndani robo mzunguko, weka mafuta, subiri, jaribu tena. Boliti ikikatika ndani ya silinda hedi, kazi ya polishi imegeuka kuwa kazi ya kuchimba hedi.

Legeza boliti ya nyuma ya sailensa mwisho, huku mkono mmoja ukishikilia uzito. Gasketi ya duara iliyo kwenye tundu la moshi itupe na ununue mpya. Iliyokwisha kubanwa haizibi vizuri mara ya pili. Ziba tundu la injini kwa kitambaa safi, na ziba ncha zote mbili za ekzosi kwa mfuko uliofungwa kwa mpira. Sailensa zenye sufi ya kioo ndani zikinyonya maji hukaa na unyevu kwa siku nyingi na kuanza kuoza kuanzia ndani.

Kuosha, lami, plastiki, chokaa

Fanya kazi kivulini. Jua la Dodoma saa saba mchana linapasha bomba kiasi kwamba kila unachopaka kinakauka kabla hujakisugua. Chagua pia siku isiyo na upepo, au kaa nyuma ya ukuta. Kati ya Agosti na Oktoba punje moja ya mchanga ikitua kwenye kitambaa cha polishi inachora mstari utakaokugharimu nusu saa.

Mwagia maji kwanza, bila kusugua, mpaka vumbi lilegee. Kusugua vumbi kavu ni sawa na kupiga msasa usioujua namba yake. Kisha sabuni ya unga, vijiko viwili kwa lita 5 za maji ya uvuguvugu, kwa sponji laini. Lami ifute kwa mafuta ya taa na uioshe tena kwa sabuni.

Plastiki iliyoyeyuka inahitaji subira. Lipashe bomba mpaka liwe la moto wa kustahimilika kwa kiganja, kwa mashine ya kukaushia nywele au kwa kuliacha juani, kisha lisukume ganda kwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa kama patasi. Usitumie kisu wala bisibisi. Baki lililogoma lilaze chini ya kitambaa kilicholowa thina kwa dakika 15, bomba likiwa baridi na moto ukiwa mbali, kisha rudi na mti. Wengine hutumia kostiki soda ya watengeneza sabuni. Stenlesi inaivumilia, ila ikigusa aluminiamu ya injini au ya kifuniko cha sailensa inaila papo hapo.

Kwa chokaa na rangi hafifu za joto, yeyusha gramu 100 za sitriki kwenye lita 1 ya maji ya moto. Loweka vitambaa, vizungushe kwenye bomba, funika kwa nailoni visikauke, acha dakika 30. Sugua kwa sponji, suuza, rudia mara moja. Njano na kahawia hafifu mara nyingi huondoka au hupungua hapa. Zinazobaki zipigie Brasso kwa mkono, eneo la sentimita 10 kwa wakati mmoja, mpaka kitambaa kiwe cheusi, kisha geuza upande safi.

Sasa liangalie bomba kwenye mwanga. Kama halina mikwaruzo na rangi imeondoka, kazi imekwisha. Ruka msasa wote, nenda kwenye kusuuza na kufunga. Kupiga msasa bomba lisilouhitaji ni kulipunguza bure. Ukuta wake kwa kawaida ni milimita 1 hadi 1.5 tu.

Msasa

Pitisha kucha juu ya mkwaruzo. Kucha ikikwama, anza na 240. Isipokwama lakini mstari unaonekana, anza na 400. Kama ni ukungu tu na bluu iliyogoma, anza na 800.

Kwa bomba la duara, shika mkanda wa msasa kwa ncha zote mbili, uzungushe nyuma ya bomba, uvute huku na huku kama mpiga kiwi anavyong'arisha kiatu. Mkanda unafuata umbo la duara, na shinikizo linagawanyika. Ukikandamiza kwa kidole gumba sehemu moja unatengeneza ubapa ambao hauonekani ukiwa na msasa, ila unajitokeza kama kioo kilichopinda bomba likishang'aa. Loweka msasa dakika 10 kwenye maji yenye matone ya sabuni, na uuchovye kila baada ya mivuto 20 hivi.

Hila inayookoa kazi nzima: kabla ya kila namba, chora bomba zima kwa kalamu ya maka. Piga msasa mpaka wino wote uishe, kisha endelea kidogo. Na kila namba ibadilishe mwelekeo. Kama 400 imezunguka bomba, 600 iende mshazari, 800 izunguke tena. Mistari ya namba iliyopita ikiwa inakatiza ya sasa, utaiona. Ikiwa inalala pamoja nayo, itajificha mpaka siku ya polishi.

Kila namba inataka dakika 15 hadi 20 kwa bomba la mbele. Usiruke. Kutoka 400 kwenda 1000 moja kwa moja kunaonekana kuokoa muda, lakini 1000 haina nguvu ya kufuta mifereji ya 400. Inang'arisha vilele na kuacha mabonde. Polishi haiwezi kurekebisha hilo, inaliangaza tu. Ukifika 2000 na kuona mistari mirefu iliyotawanyika, rudi 600.

Kati ya namba na namba, osha bomba, osha mikono, badilisha maji. Ndoo ya pili ni kwa ajili hiyo: moja ya namba za chini, nyingine kuanzia 1000. Punje moja ya 400 iliyobaki majini itakufuata mpaka mwisho.

Karibu na mishono ya kuchomelea, zungushia msasa kwenye kijiti au mpini wa kijiko. Mshono wenyewe usiusawazishe. Unene wake ndio nguvu yake. Vishimo ambavyo 240 imeshindwa kuviondoa baada ya dakika kumi, viache. Kibonyeo nacho hakitoki kwa msasa.

Kioo au mistari?

Hapa uamue. Bomba lenye mng'ao wa kioo linapendeza sana, lakini kwa pikipiki inayopita kila siku kwenye barabara ya vumbi, upande wa chini na wa mbele utapigwa kokoto na kuonyesha kila alama. Kwa matumizi ya namna hiyo umalizaji wa mistari ni wa busara zaidi: simama kwenye 400 au 600, kisha vuta sponji ngumu ya kijani ya kusugulia vyombo, mpya, kwa mwelekeo mmoja tu kutoka injini kwenda nyuma, bila kurudi. Mkwaruzo ukitokea baadaye unaupitisha sponji ileile na unapotea. Wengine huweka kioo kwenye sailensa inayoonekana na mistari kwenye bomba la chini. Ni chaguo zuri.

Kama ni kioo, tumia drili yenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika na gurudumu la sentimita 7.5 hadi 10. Grinda ya kawaida ya mizunguko 11,000 ina kasi ya kupita kiasi: inachoma gurudumu, inapasha bomba na kurudisha rangi ileile uliyoiondoa. Anza na gurudumu la mkonge lenye sabuni ya polishi ya kukata, kisha la pamba lenye sabuni ya kijani, ambayo ndiyo ya stenlesi. Kila sabuni na gurudumu lake, usizichanganye.

Gusisha sabuni kwenye gurudumu sekunde moja au mbili tu. Michirizi myeusi inayonata maana yake umeweka nyingi mno. Endesha gurudumu bila kuongeza sabuni mpaka isafike. Mabaki yafute kwa unga kidogo wa ngano na kitambaa kikavu. Tembeza mkono muda wote. Ukifika ukingoni mwa bomba, gurudumu liwe linazunguka kutoka bombani kwenda nje. Likizunguka kutoka nje kuja ukingoni litaukamata, na bomba litaruka kutoka mikononi. Mikono mirefu ya shati na kanga iliyoning'inia havikai karibu na drili.

Kusuuza na kufunga

Osha mafuta ya polishi kwa sabuni, kisha lipake tena maji ya sitriki, safari hii gramu 50 kwa lita, dakika 20. Hii huondoa chembe za chuma zilizobaki na kuacha utando wa kinga ujijenge upya vizuri. Suuza kwa wingi. Maji ya mwisho yawe ya mvua, au yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi; soma chupa vizuri, kwa sababu madukani hata yale yenye asidi huitwa "maji ya betri". Kausha mara moja kwa kitambaa, usingoje jua.

Funga kwa mpangilio huu: gasketi mpya, nati za mbele kwa vidole tu, boliti ya nyuma kwa vidole tu, kisha kaza mbele kwa kupokezana robo mzunguko, na nyuma mwisho. Nati za milimita 6 zinataka kiasi cha nyutoni-mita 10 hadi 12, za milimita 8 kiasi cha 20 hadi 25, kama kitabu cha pikipiki hakisemi vingine. Kuanza nyuma kunavuta bomba upande, gasketi inavuja, na uvujaji unasikika kama mlio wa kupasuka ukiachia mafuta.

Kabla ya kuwasha, futa bomba zima kwa spiriti na kitambaa safi, na baada ya hapo usiliguse kwa mkono mtupu. Alama ya kidole yenye jasho au oili ikipata moto mara ya kwanza inaivia pale na kubaki na umbo la kidole. Subiri spiriti ikauke kabisa, sogeza kopo mbali, ndipo uwashe. Usipake nta kwenye bomba la mbele. Nta ya kanauba huyeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, bomba linazidi hapo sana. Vanishi ya kupuliza nayo huungua na kuwa njano.

Kama ni kromu

Hapana msasa. Kunja kipande cha foili ya jikoni, kichovye majini, sugua kutu taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, hivyo inakula kutu na kuacha ganda. Maliza kwa Brasso. Kromu ikishabanduka, hakuna polishi itakayoirudisha. Hapo ndipo msasa namba 180 unapofaa, mpaka chuma kitupu, kisha rangi ya kustahimili joto ya nyuzi 600, tabaka mbili nyembamba. Iive kwa injini: sailensi (injini ikiunguruma bila kuongezwa mafuta) dakika 10, ipoe kabisa, dakika 20, ipoe, kisha safari fupi.

Rangi ikirudi

Njano ya majani makavu kwenye sentimita 10 hadi 15 za kwanza kutoka silinda ni kawaida na itarudi hata ufanye nini. Bluu iliyoenea mpaka katikati ndani ya wiki moja ni injini inayopata hewa nyingi mno kwa petroli yake, au moto wa plagi unaochelewa. Angalia mpira unaounganisha kabureta na injini: vumbi na jua huupasua, na injini inanyonya hewa pembeni. Pikipiki ikiwa sailensi, nyunyizia maji ya sabuni kuuzunguka. Mlio ukibadilika, mpira umepasuka. Kisha toa plagi. Ncha nyeupe kama chaki inathibitisha hewa ni nyingi. Ya kahawia ya udongo mkavu ni sahihi, na hapo rudi uangalie gasketi ya ekzosi na muda wa moto.